Mgeni na Jembe Lake

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haikuzaliwa kwetu Oicha. Ilitoka pwani, ikapanda mpaka huku pamoja na Kiswahili chenyewe. Lakini twaitumia kila siku, na mara nyingi kwa kucheka. Mtu akikaa mno kwa shemeji yake, watu humwuliza: Je, jembe lako li wapi? Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuitumia methali hiyo bila kucheka, maana kijana mmoja wa parokia yetu ametuletea swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa neno moja.

Alikuja jioni baada ya mafundisho ya wakatekumeni, akangoja mpaka watu wote wametawanyika. Akasema: "Mwalimu, baba anataka kuuza shamba letu la kakao ili mimi niende Afrika Kusini. Nifanye kazi kwanza, halafu nifungue biashara. Mama hataki. Anasema huko ni kuwakimbia. Je, ni dhambi?"

Msomaji asiyeijua Oicha hana budi kufahamu kwanza shamba hilo ni shamba la namna gani. Oicha ni makao makuu ya teritwari ya Beni, katika Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara kubwa iendayo Eringeti, Komanda na Bunia. Kakao hustawi sana katika udongo wetu. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa teritwari hii wameuawa kwa mapanga na kwa bunduki, wengine mashambani, wengine vitandani mwao, na vijiji vingi vimekuwa mahame. Kwa hiyo kwetu shamba la kakao ni mali, na tena ni hatari. Mwenye shamba huvuna kwa mikono huku masikio yake yakilinda mwitu. Basi baba wa kijana huyu hauzi kwa uvivu wala kwa tamaa. Anahesabu kwamba shamba lisiloingilika halilishi mtu, na kwamba mtoto aliye hai ugenini ni afadhali kuliko mtoto aliyezikwa nyumbani. Nani atamlaumu?

Tuanze na neno la mama: kuondoka ni kuwakimbia wenzako. Je, ni kweli? Twajua ya kuwa Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri kwa sababu mfalme alitaka kuua. Hakuna Mkristo aliyewahi kumwita mwoga. Papa Yohane XXIII naye, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba mtu mwenye sababu ya haki ana haki ya kuhamia nchi nyingine na kukaa huko. Na Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wake kwa ajili ya siku ya wahamiaji ya mwaka 2013, aliongeza neno linalotuchoma sisi watu wa Beni: kwamba kabla ya haki ya kuondoka iko haki ya kutoondoka, yaani haki ya mtu kukaa katika nchi yake kwa amani. Basi kama kuna dhambi katika safari ya kijana huyu, dhambi hiyo kwanza iko juu ya wale walioifanya nyumba yake isikalike.

Tulimjibu hivyo, naye akafurahi. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani, moyo wetu haukutulia. Maana kuondoka ni kazi ya siku moja, na kukaa ugenini ni kazi ya miaka. Tulikuwa tumejibu neno la siku moja, tukaacha la miaka. Mtu aliyekwisha kufika nchi ya watu, akafanya kazi, akafungua duka, akapata fedha: je, anadaiwa kitu? Na kama anadaiwa, nani anayemdai?

Wako wasemao kwamba hadaiwi kitu. Husema: Mimi nauza, wewe wanunua, nawe hukulazimishwa. Nikikurudishia chenji yako tumemalizana. Wengine husema kinyume: mgeni anadaiwa kila kitu, maana kila mkate anaokula ameunyang'anya katika kinywa cha mwenyeji. Na tuzipime kauli hizi mbili kwa mambo yaliyotendeka kweli.

Afrika Kusini si nchi iliyowafungia wakimbizi kambini. Sheria yake ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliwaacha wakae mijini kati ya wananchi na kujitafutia riziki. Ndiyo sababu watu wetu wa Kongo wako wengi Johannesburg, hasa katika mtaa wa Yeoville, na Durban, na Cape Town. Wengi huanza chini kabisa. Hulinda magari yaliyoegeshwa barabarani, hunyoa, husuka nywele, hushona nguo na viatu. Baadaye mmoja mmoja hufungua chumba kidogo chake. Lakini mlango wa biashara kubwa ni mwembamba. Kwa kanuni za mwaka 2014, mgeni aliyeomba kibali cha biashara alitakiwa kuleta mtaji wa randi 5,000,000. Hata tungeuza mashamba yote ya mlima mmoja, nani kwetu angezipata? Kwa hiyo mtu wetu huingia kwa mlango wa hifadhi, akiwa na karatasi ambayo hana budi kuiomba iongezewe muda tena na tena, na hajui kama safari ijayo itaongezewa.

Huko kuna maduka madogo katika mitaa ya watu maskini, na mengi yameshikwa na Wasomali na Waethiopia. Wafanyaje hata wauze kwa bei nafuu? Huunganisha fedha zao, hununua mali nyingi pamoja, halafu hugawana. Jambo hili si geni kwetu. Wafanya biashara wa Butembo, Wanande wenzetu, walikua kwa njia iyo hiyo: watu kadhaa wakishirikiana kulijaza kontena moja kutoka Dubai au China, hata mji usio na reli wala bandari ukawa soko la kuheshimiwa. Basi kama kuuza kwa bei nafuu ni wizi, hata Butembo ni mji wa wezi! La, si wizi. Mjane anayenunua unga kwa bei nafuu hakuibiwa, bali amesaidiwa. Na mahakama ya rufani ya Afrika Kusini, mwaka 2014, iliamua kwamba wakimbizi na waombao hifadhi wasizuiwe kuendesha maduka ya namna hiyo. Kwa hiyo kauli ya pili, kwamba mgeni ni mnyang'anyi kwa kuwa ni mgeni, imeanguka.

Je, hiyo ya kwanza imesimama? Hapana, nayo pia imeanguka, na yafaa tuone sababu. Dhahabu ya Johannesburg ilivumbuliwa mwaka 1886, na waliozama shimoni kuichimba walikuwa watu weusi wa nchi ile pamoja na wageni wengi kutoka Msumbiji, Malawi na Lesotho. Lakini wenyeji weusi walifanywa wageni kwao. Sheria ya mwaka 1913 iliwabakizia sehemu ndogo sana ya ardhi ya baba zao, na kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kufanya biashara kwa uhuru katika miji waliyoijenga. Utawala ule wa ubaguzi ulikwisha mwaka 1994. Hata hivyo, mwaka 2023, katika kila watu 100 waliotaka kazi, zaidi ya 30 hawakuwa nayo. Basi fikiri, msomaji: mtu aliyenyimwa jembe katika shamba la babaye miaka mingi, siku moja anatazama ng'ambo ya njia na kumwona mgeni wa juzi ameshika jembe, analima. Mgeni hakumkosea kitu. Lakini akisema tu, "Tumemalizana, chukua chenji yako," amempita mtu mwenye jeraha bila kumtazama. Sheria haimdai zaidi ya hapo. Utu unamdai.

Hatusemi haya ili kuwatetea waliopiga na kuchoma. Mwezi Mei 2008 machafuko yalianza Alexandra, karibu na Johannesburg, yakaenea, na watu 62 wakafa. Kati yao 21 walikuwa wananchi wa Afrika Kusini wenyewe. Fimbo iliyokatwa kumpiga mgeni haichagui kichwa. Mwaka 2015 maovu hayo yalirudi Durban, na mwaka 2019 Johannesburg. Kuua mtu kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mto ni dhambi inayolia mbinguni, na njaa haiisafishi.

Wala sisi tusiinue kichwa upesi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa raia. Mambo hayo yaliitwa zairianizasio. Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengineo waliamka wakiwa na duka, wakalala hawana. Watu walishangilia. Lakini wengi waliopewa maduka waliuza mali iliyokuwamo na hawakuagiza nyingine. Rafu zikabaki tupu, na miaka michache baadaye serikali ikawaita wageni warudi kuchukua sehemu ya mali zao. Wazee wetu wanakumbuka jinsi vitu vilivyoadimika. Basi yule kijana wa Durban avunjaye mlango wa kinyozi Mkongomani ni ndugu wa mzee wetu aliyeshangilia mwaka 1973. Mungu aliwaamuru Waisraeli wampende mgeni, akawaeleza sababu: wao nao walikuwa wageni Misri. Sisi tuna sababu mbili: tu wageni leo, na jana tulikuwa wenyeji wabaya.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Tuitazame vizuri, maana ina maneno mawili ambayo watu huyaruka. Neno la kwanza ni "mpe". Methali haimsemeshi mgeni, yamsemesha mwenyeji. Ni wajibu wa mwenyeji kumpa mgeni kazi, asimwache kuwa ombaomba wala mwizi. Neno la pili ni "jembe". Jembe la mgeni hulima shamba la nani? Shamba la mwenyeji, na wote wawili hula chakula kile kile. Kwa hiyo mgeni hakupewa jembe ili apate tu, bali ili kitu kimee mahali alipokaa. Haya ndiyo maoni yetu: mgeni hadaiwi mapato yake, anadaiwa kuacha kitu kinachomea katika udongo uliompokea. Afundishe mtoto wa jirani ufundi wake. Ajifunze lugha yao, asiwe bubu mwenye duka. Aende kwenye mazishi yao. Anunue kwao naye.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Akwila na mkewe Prisila. Akwila alizaliwa Ponto, akakaa Roma, akafukuzwa huko pamoja na Wayahudi wote kwa amri ya Kaisari Klaudio, akafungua kazi ya kushona mahema Korinto. Ni mgeni mara mbili. Akampokea Paulo, mgeni mwenzake, akampa jembe, yaani sindano na kitambaa, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Kisha walikwenda Efeso, na huko wakamfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Maandiko hayatuambii waliuza mahema mangapi. Yanatuambia waliacha nini kila mahali.

Lakini liko deni jingine, na hili linatugusa sisi wenyewe. Hatungeliandika kama dhamiri isingetuchoma.

Mwaka 2012, tukiwa tumetoka seminari karibuni, mjane mmoja jirani ya kanisa alitujia na simu mkononi. Mwanawe alikuwa Durban, naye mama hajui kusoma. Tulimsomea: "Mama, Mungu amenisaidia." Chini ya maneno hayo ilikuwapo picha ya kijana amevaa shati safi, mkono wake juu ya gari jeupe. Mama alilia kwa furaha. Usiku ule kijana alituandikia sisi peke yetu: "Mwalimu, gari si langu. Ninalilinda. Mwenyewe akirudi hunipa sarafu. Tafadhali usimwambie mama." Tulinyamaza. Tuliona kwamba kunyamaza ni huruma.

Picha ile ilipita mkono kwa mkono baada ya Misa. Mwaka uo huo baba mmoja mtaani aliiona, akauza shamba lake lote, akamtuma mwanawe. Kijana alipita Kasindi, Uganda, Tanzania, Zambia. Fedha zikaisha Zimbabwe, na karibu na mto Limpopo waliojidai kumwongoza wakamvua hata viatu. Alirudi baada ya miezi tisa kwa hisani ya watu wasiomjua. Leo baba yake hulima kwa kukodi kipande katika shamba lililokuwa lake. Hakuna aliyemdanganya mzee huyo kwa kinywa. Alidanganywa na picha, na sisi tulioijua kweli tulisimama karibu naye mlangoni mwa kanisa tukamsalimu.

Na yule wa Durban? Baada ya kulinda magari muda mrefu alinunua mashine za kunyolea, akapanga chumba kwa bibi mmoja Mzulu, akamfundisha mjukuu wake kunyoa. Aprili 2015 watu walipokuja kuvunja maduka ya wageni, bibi yule alificha mashine chini ya kitanda chake. Tusifanye haraka kusema kwamba wema ni ngao. Fundi cherehani wa chumba cha pili, Mkongomani mwema vile vile, alipoteza vyote. Mgeni haachi kitu kinachomea ili aokoke. Anakiacha kwa sababu ni haki.

Basi kijana wetu wa kakao alipokuja na swali lake, tulimwuliza: "Ni nani aliyekuambia kwamba Afrika Kusini watu hupata upesi?" Akajibu: "Mwalimu, si ile picha ya gari jeupe? Nilikuwa mtoto nilipoiona." Ndipo tulipojua kwamba uongo wetu bado unatembea na unatafuta shamba jingine la kula.

Tulimpigia simu yule wa Durban, tukamwomba ruhusa. Akakubali baada ya kukaa kimya muda mrefu. Kesho yake tulikwenda kwa mama yake, tukamweleza yote. Aliendelea kupepeta mchele wake. Mwishowe akasema: "Miaka hii yote nimemshukuru Mungu kwa gari. Ningalijua, ningaliiombea miguu ya mwanangu iliyosimama mchana kutwa." Hakutulaumu zaidi ya hapo, na hatukuhitaji lawama nyingine.

Hili ndilo deni la pili: mgeni anawadai wa nyumbani uvumilivu, nao wanamdai kweli. Anayepeleka nyumbani fedha kidogo na habari za kweli amepeleka zaidi kuliko yule anayepeleka nyingi pamoja na picha ya uongo. Lakini nasi tuliobaki tuna hatia yetu. Kwa nini vijana hudanganya? Kwa sababu twawasalimu kwa kuuliza: "Umetuma nini?" kabla ya kuuliza: "Umelala wapi?" Mtu akirudi na mikono mitupu twamcheka. Basi hujifunza kuogopa kurudi kuliko anavyoogopa mawe ya Durban.

Kijana alipotujia tena tulimpa jibu refu kuliko la kwanza. Tulimwambia: Kwenda si dhambi. Lakini baba yako asiuze shamba lote, maana hali ya leo si ya milele, na anayerudi ahitaji mahali pa kurudi. Usiende mikono mitupu. Jifunze ufundi kwanza, uushonaji au ukinyozi au useremala, kwa sababu ufundi hauporwi mtoni. Fahamu kwamba utaanza kwa kusimama juani. Ukipata chumba chako, usikigeuzie mtaa mgongo. Na siku utakayotuma picha ukiwa karibu na gari, andika chini yake gari ni la nani. Alicheka, kisha akanyamaza, akaenda kuzungumza na baba yake. Watakaloamua ni lao.

Nasi tunabaki hapa Oicha na neno moja la mwisho, maana mtu hana haki ya kuhubiri Durban na kusahau ua wake. Miaka hii yote ya vita watu wa vijiji vilivyohamwa wamekimbilia kwetu, wakalala katika vyumba vyetu, shuleni na makanisani. Siku mbili zimepita zamani. Wengi wao wana nguvu na wanajua kulima kuliko sisi, nao hukaa kitako, wakingoja msaada, na sisi twaanza kunung'unika kwamba chumvi inaisha. Je, tumewapa jembe? Mwenye kipande cha ardhi karibu na nyumba, kisicho mbali na watu, amkatie mgeni wake mistari michache ya maharagwe. Mwenye cherehani amruhusu mama mgeni aketi hapo saa za mchana. Tukifanya hivyo, tutaweza bila aibu kuwaomba watu wa Durban na Johannesburg wawatendee vivyo hivyo watoto wetu.